Uchungu wa Kisamvu cha Mama Cuthbert

Bibi Mabel, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni upande huu wa Masasi, nimebatizwa kwa jina la Basil, na nakuandikia kwa aibu kwa sababu nitakayoyasema si ya mtu anayesimama kila asubuhi mbele ya watoto kuwafundisha Amri Kumi, lakini nisaidie, maana nyumba yangu imekwisha kubomoka na sijui ni mimi niliyeibomoa au ni mke wangu.

Ilianza baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi walipochoma maghala na njaa ikaingia. Tulikula ming'oko, na ilipokwisha tukala mizizi mingine ya porini ambayo hatukuwa na subira ya kuiloweka, nikashikwa na tumbo la kuhara damu wiki sita nikabaki mifupa, na mke wangu Theodora, tunayemwita Mama Cuthbert kwa jina la mtoto wetu, ndiye aliyenifulia na kuninywesha uji, hilo silikatai. Nikapona. Lakini tangu hapo chakula chake kikawa kichungu, kisamvu kilekile cha karanga alichonipikia tangu tulipooana kikawa kama nyongo, ugali ukanuka kama ngozi mbichi, na nikilalamika yeye anachovya kidole, anaonja mbele yangu, anasema, "Mbona kizuri, Baba Cuthbert?" na mtoto anakula chungu hichohicho, na mama yangu naye anakula, mimi nikaona huo ndio ujanja wenyewe, kwamba dawa imetengenezwa kwa ajili yangu peke yangu. Uchungu ukanifuata kila mahali, hata siku ya Pasaka divai ya Komunyo ilinijia kinywani chungu, ikanuka kutu, nikajua ameniharibu mpaka mbele za Mungu. Sipati usingizi, moyo unanienda mbio bila kitu, wanafunzi nawachapa kwa kosa dogo halafu najificha nyuma ya darasa nalia. Nikaanza kunywa haluli kila Jumamosi ili niiharishe hiyo sumu, haikutoka, nikaongeza Jumatano, na sasa nakunywa kila siku, na uchungu unazidi.

Mama yangu ndiye aliyenifungua masikio. Alisema, "Kaka yake si alikunywa yale maji ya vita? Ukoo ule wanajua madawa, mwanangu." Nami nikalitamka barazani mbele ya watu, nikamwita mke wangu mchawi. Hakulia, Bibi. Alifunga nguo zake, akamshika Cuthbert mkono, akaenda kwa mjomba wake Shamte kule Chilangala, nawe unajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba akatuma mtu kuniambia kwamba ukoo wake haulali na tusi hilo, kwamba Theodora atakunywa mwavi siku ya saba baada ya mwezi mpya kuandama, akiutapika ni safi na mimi sitamwona tena yeye wala mtoto, akifa basi nimepata nilichokitaka. Na Theodora mwenyewe amekubali. Neno alilonitumia ni hili: "Mwambieni nitakunywa mimi, maana yeye hataki kula."

Serikali imeukataza mwavi, na mimi nimehubiri kuupinga miaka tisa. Lakini nikienda bomani watamfunga mjomba, nikienda Chilangala nikasema nimekosea, je, kama sikukosea? Basi sijaenda kokote, naandika. Niambie, kuna njia ya kujua pasipo mwavi kama mke wangu ananilisha dawa?

Mimi, Basil, Baba Cuthbert.

*

Mwalimu Basil, marahaba.

Njia ipo, na umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Divai ya Pasaka ilikuwa chungu na ilinuka kutu. Aliyeimimina ni nani? Padre. Aliyekushikia kikombe ni nani? Padre. Theodora alikuwa amepiga magoti upande wa wanawake, na waliokunywa kabla yako na baada yako walikunywa divai. Mtu anayefundisha watoto hesabu alishindwaje kuijumlisha hii? Chungu kimoja, walaji wanne, anayeonja uchungu mmoja. Uchungu hauko chunguni, baba. Uko kwako.

Sasa sikiliza, maana nimefanya kazi katika chumba cha dawa miaka kumi na minne. Daktari mmoja mzungu aliwahi kunionyesha kwa hadubini vijidudu vinavyokaa tumboni mwa mtu, vingi kuliko watu wa nchi hii yote. Nilishtuka. Akaniambia si vyote ni adui, vingine ni wafanyakazi, vinashughulika na chakula chetu kama vile kimea kinavyoshughulika na uji ukapata togwa. Nawe umewahi kumwona mpishi mwenye haraka akitia kimea kwenye uji unaochemka: togwa haiji, kinachokuja ni uozo. Tumbo lako lilipigwa na njaa, likapigwa na mizizi, likapigwa na kuhara damu, na wale wachache waliosalia ndani unawafagia kila siku kwa haluli. Na tumbo halikai peke yake, lina njia ya kupeleka habari kichwani. Likiharibika linapeleka habari mbaya, ulimi unasikia uchungu, pua inasikia kutu, usingizi unakimbia, moyo unadunda, na mtu mpole anageuka kuwapiga watoto wa watu. Daktari alikiri kwamba hata wakubwa wake bado wanabishana juu ya jambo hili, nami sitakudanganya kwamba nalijua lote. Lakini tangu njaa ile nimewaona kumi na mmoja waliokuja na kilio chako, kila kitu kichungu, kila mtu mbaya. Hakuna aliyerogwa. Wawili kati yao hawakuwa hata na wake wa kuwasingizia.

Nakuonea huruma kwa ugonjwa. Kwa yale mengine sina huruma. Mwanamke alikufulia nguo zenye damu wiki sita, katika mwaka ambao unga ulipimwa kwa kiganja. Ule uji aliokunywesha ulitoka katika fungu la nani? Hukuuliza. Na leo tumbo lake hilohilo lililolala njaa kwa ajili yako ndilo litakalopewa mwavi. Mwavi haujui mchawi wala mwema, Mwalimu, wewe umelihubiri hilo. Tumbo lenye nguvu hulitupa lile gome la sumu nje na mwenyewe akapona. Tumbo lililochoka hulibakiza ndani. Hiyo ndiyo hukumu yote.

Acha haluli leo. Kunywa togwa iliyolala siku mbili, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kula kisamvu, kunde, na chochote ulichopewa, hata kikiwa kichungu, na umwache mama yako ale kwanza kama unaogopa. Fimbo ya shule mpe mwalimu mwingine aishike. Itachukua miezi miwili, pengine mitatu.

Lakini hayo si ya kwanza. Barua yako imenifikia mwezi ukiwa na siku tatu, baada ya kukaa njiani siku tisa. Kutoka kwako mpaka Chilangala ni mwendo wa siku mbili. Ungekwisha kwenda, ukaomba radhi, ukarudi, ukaenda tena. Badala yake umeandika kwa gazeti ambalo hutoka mara moja kwa mwezi, na wewe ni msomaji wetu, unalijua hilo. Nadhani ulitaka kuuliza bila kujibiwa mapema.

Mimi sikungoja mtambo wa kupiga chapa. Saa ileile nilimpa Nikolao, mchukuzi wetu wa dawa, barua ya kumpa Bwana Shamte, kwamba aliyemshtaki mpwa wake ni mgonjwa na shtaka la mgonjwa halinywewi mwavi. Kutoka hapa ni siku tano. Nikolao amesema atajitahidi kwa nne. Leo haya yanapopangwa chapa bado hajarudi, nami kila jioni natoka njiani kumtazamia.

Kwa hiyo nakupa shauri pasipo kujua. Ukisoma haya na Theodora yu hai, ondoka hapohapo, usingoje shule ifungwe. Piga magoti mbele ya mjomba na useme barazani kwake kama ulivyosema barazani kwako, kwa sauti ileile, kwamba uchungu ulikuwa wako. Usimdai mtoto. Wakikupa chakula, kula mpaka uone chini ya sahani. Wakikufukuza, rudi kimya, maana wana haki.

Na kama hayupo, usiniandikie tena, sina dawa yako. Kunywa togwa kama nilivyokuambia. Utapona, Mwalimu, wengi wanapona. Siku moja mtu atakupakulia kisamvu cha karanga, utakitia kinywani, na kitakuwa kitamu.