Safu ya Pili, Nafasi ya Tatu

Nyumba za Wafanyakazi, Chumba Na. 7,
Kiwanda cha Mabati.
Jumanne, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na yule mtundu wenu aliyeng'oa kitasa, ameshaacha kuvunja vitu au ndiyo kwanza ameanza? Mimi ni mzima wa mwili, ukiacha mdomo uliovimba, nao nitakueleza umevimbaje.

Kaka anaendelea vizuri. Homa imeshuka na juzi alimaliza bakuli zima la uji. Mkono, kama ulivyosikia kwenye simu, ulikatwa hospitali juu kidogo ya kifundo. Nilikuwepo mashine ya kukandamiza bati ilipomshukia. Ilishuka mara moja ikapanda, vidole vikabaki chini vimegandamana na bati. Kaka hakupiga kelele. Alitazama damu ikimrukia tumboni, kisha akakaa sakafuni.

Hapa kwetu fundi haingizi mkono mpaka aulize, na anayekaa kwenye skrini inayoonyesha mashine ipi ina umeme amjibu. Kaka aliuliza, "Vipi, imezimwa?" Bonge, mwendesha mitambo, akaangalia, akajibu, "Imezimwa, kijani hiyo, ingiza." Sote tulimsikia. Kumbe mashine ilikuwa na umeme.

Kilichofuata hukuambiwa. Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, na wapakiaji wawili walimburuta Bonge hadi stoo wakampiga kwa vyuma. Taya lilivunjika mahali pawili. Alikuwa akilia kwamba ameona kijani, na kila akisema kijani wanamwongeza. Kitinda akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino, tena na tena, akimwambia, "Na wewe uonje." Mimi nami nilimpiga teke la mbavu, nikasikia kitu kikikatika, na nisikufiche, niliona raha.

Skrini ile niliitengeneza mimi, Dada. Mashine ziko kumi na mbili, safu tatu za nne nne, kwa hiyo nikaziweka kwenye orodha yenye safu tatu, kila safu na nafasi nne. Katika lugha ya kompyuta ninayotumia, huiambii skrini ichore nini sasa hivi. Unaiambia tu kwamba mraba huu uwe mwekundu mashine yake ikiwa na umeme, uwe wa kijani ikizimwa, na yenyewe inajibadilisha. Ila inashtuka pale tu unapoikabidhi orodha nzima upya. Ukibadili nafasi moja ndani ya safu, orodha imebadilika lakini skrini haina habari. Nami niliandika kwamba mashine moja ikiwashwa peke yake, ibadilishwe nafasi yake tu. Siku ya majaribio tuliwasha mashine zote kwa mpigo, orodha ikaingia nzima, miraba yote ikawa myekundu, tukapeana mikono.

Juzi nilirudi peke yangu nikaiwasha ile ya Kaka tu, safu ya pili, nafasi ya tatu. Iligonga chini hadi sakafu ikatetemeka, na mraba wake ukabaki wa kijani. Nikarudia mara tisa kama mjinga.

Jana asubuhi nilimweleza msimamizi, akaichana barua ya kumfukuza Bonge kazi. Kisha nikaenda wodini kwa Kaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nisogee karibu, akanipiga ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki. Meno mawili yalitoka. Manesi walipomshika akaniuliza, "Bonge umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi unakaa hapa kufanya nini?"

Bonge yupo chumba cha tatu kutoka pale. Taya limefungwa waya, hawezi kusema. Nilimwambia yote, na la teke pia. Nilingoja anitemee mate. Akaonyesha anataka kalamu, akaandika polepole kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uko kwenye plasta: "Mwambie mke wangu. Hata yeye hakuniamini."

Nimekuandikia kwanza ili usiyasikie kwa mwingine. Nikishaifunga bahasha hii navaa viatu, naenda kwa huyo mama.

Nisalimie Shemeji, mama mkwe wako na mtundu wenu. Mungu awalinde nyote mikono na miguu, na akupe wewe moyo wa kunitazama tena.

Wako akupendaye, hata ukinichukia,
Mdogo wako, Kipara