Masanduku ya Kidole

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha upumzike, na kwamba mwanangu Kidole bado anagusa kila kitu kama jina lake linavyotaka. Mimi mzima. Mashuka ya hospitali ndiyo hayaishi. Tukifua mia, yanakuja mia mbili.

Nina ombi. Mwalimu wa chekechea ya watoto wa wafanyakazi hapa amenionyesha kitu. Anachukua sanduku pana, lisilo na kina, anatia mchele au mchanga, halafu vitu vya mada moja: leo shamba, kesho jiko. Mtoto anazamisha mikono, anachota, anamimina, anatafuta. Humo humo anajifunza kuhesabu, rangi na majina ya vitu. Kwa kuwa shule ya hapo haina nafasi hadi mwakani, nimeona wewe na mjukuu wako mnaweza.

Na nisikufiche. Likizo iliyopita mwanangu alijificha nyuma ya suruali yako siku tatu, ya nne nikaondoka. Kwenye simu ananyamaza. Nakuja Juni, na sitaki anipokee kama mgeni. Labda akizoea kucheza na vitu nilivyomchagulia, atanizoea na mimi.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, ila halijafika mahakamani. Mjukuu anakula vizuri na ananitawala vizuri.

Sanduku la shamba limekamilika. Nimetumia droo ya lile kabati bovu, nikatia maharage na mahindi, miti ya vijiti, na ng'ombe niliyemchonga mwenyewe. Kidole alimtazama ng'ombe, akauliza kama ni meza.

Kwenye ubavu wake nimebandika orodha: maharage vikombe vitatu, ng'ombe mmoja, vijiko viwili, miti sita. Mtu hawi mtunza stoo miaka thelathini na moja halafu aache vitu viende ovyo. Kabla ya kucheza tunahakiki, baada ya kucheza tunahakiki tena, naye anaweka alama ya kidole gumba kwa wino wangu wa muhuri.

Anacheza dakika moja, anasema, "Babu, nimerudisha vyote," anakwenda zake. Mwalimu wako hajui kazi.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku ni afya tele. Barua yako niliisomea chumba cha pasi, nikacheka hadi msimamizi akaja kuuliza kulikoni.

Umemfungulia mtoto stoo, baba. Nimemuuliza mwalimu, anasema orodha ing'olewe. Tandika turubai, keti naye chini, taratibu kwa ajili ya goti, umwache amwage na achanganye. Usimuulize maswali, msikilize tu. Vitu vidogo usimwache navyo peke yake, maana maharage yanaijua njia ya puani. Kidole ana miaka minne, si karani wako.

Mada ijayo, jaribu bahari.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mikono yangu, ambayo ni ya buluu. Mchele wa bahari niliupaka rangi ya chakula na siki, nikauchanganya kwa viganja. Kinyozi ameniuliza kama nimepata kibarua cha kupaka nyumba rangi uzeeni.

Orodha nimeing'oa. Iliniuma, mazoea yana taabu. Nikatandika turubai, nikaketi, na kuinuka ikawa kesi nyingine. Kidole alicheza asubuhi nzima. Mchele naukuta hadi kwenye viatu.

Nilimchongea samaki wawili, mkubwa na mdogo. Yule mkubwa alimfukia kwenye kona ya mbali. Sikuuliza, kama mlivyoniagiza. Baadaye akamwambia yule mdogo, mimi nikisikia: "Usilie. Mama yako anafua. Akimaliza atakuja."

Nilitoka nje kidogo. Sioni haya kukuambia kwamba nililia.

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio haujatulia tangu barua yako. Nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo.

Nampa dereva wa basi kifurushi, na barua hii ndani yake. Naomba ufanye Sanduku la Mama. Kuna vibanio vya nguo, kamba, vipande vya shuka kuukuu, kipande cha sabuni tunayofulia hapa, na kitambaa changu cha kichwa. Kitambaa hicho nimelala nacho wiki mbili bila kukifua, ili kishike harufu yangu. Mpe kama kilivyo.

Naogopa, baba. Juni iko karibu.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu mzima. Mimi afya ninayo, uso ndio sina.

Stoo tulikuwa na sheria: mzigo haupandi rafuni na uchafu wake. Nilifungua kifurushi, nikaona kitambaa kimekunjamana, nikasema, maskini binti yangu, anawafulia watu wote hadi amesahau cha kwake. Nikakifua kwa ile sabuni. Mara mbili. Nikakipiga pasi. Barua yako ilikuwa chini ya kila kitu, na niliisoma pasi ikiwa bado moto.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nisamehe.

Nilimpa hivyo hivyo. Alifunika uso kwa kitambaa, akakinusa, nikajua nimeharibu. Halafu akauliza kama hii ndiyo kazi ya mama. Nikasema ndiyo. Tangu hapo anafua. Amefua soksi zangu, kofia yangu na ng'ombe, vyote viko kwenye kamba na vibanio. Mchana analala na kitambaa shavuni. Lakini anachokijua ni harufu ya sabuni, mwanangu, si yako. Hilo nimekukosesha mimi.

Baba yako

14 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimerudi salama huku hospitali, na kazi imeshaniona.

Kuna jambo hukuliona siku niliyokuja, maana ulikuwa bado nje unahesabu mizigo yangu. Kidole alijificha nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, ndiyo yale yale. Halafu akatoka, akashika mkono wangu, akaugeuza, akanusa kiganja. Miaka mitatu ya sabuni ile haitoki hata nikioga.

"Umemaliza kufua?" akaniuliza.

Nikamwambia bado, nimepumzika kidogo. Akanipa kibanio, tukaanza kuanika. Kwa hiyo usijilaumu tena. Harufu yangu ndiyo hiyo, na wewe ndiye uliyemfikishia.

Leo nimefungua begi nikamkuta yule samaki mdogo, amefungwa kwenye karatasi yenye mwandiko wako: "Kilichotolewa: samaki mdogo, mmoja. Amepokea: Mama. Arudishwe na mpokeaji kwa mkono wake, si kwa dereva wa basi." Chini yake kuna alama ya kidole gumba, ya buluu.

Orodha hii haing'olewi. Nimetia sahihi, nimeibandika juu ya kitanda, kisha nikaenda kwa msimamizi kuomba tarehe ya likizo ijayo. Amenipa tarehe tano Desemba. Mwambie mwenye samaki.

Mama Kidole