Mikebe Inayovuja na Kibao cha Osoro

Mpendwa mshauri, naomba uniamulie kabla nyumba yangu haijagawanyika. Mume wangu Osoro anasema, "Mali ikishatumika hairudi dukani," na amebandika kibao chenye maneno hayo juu ya kaunta yetu hapa Litein, sasa jirani yetu Rodah alinunua kwetu mkebe wa maziwa, akaufukiza kwa makaa jinsi wanavyofukiza kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, akatia maziwa ya asubuhi, na kabla hajafika kwa karani anayepokea maziwa nusu yalikuwa yamemwagikia barabarani, akaurudisha ukiwa mweusi ndani, Osoro akacheka, "Mama, umechoma mkebe kama mahindi, sasa unataka mwingine?" naye Rodah akamjibu, "Kwani ulitaka niujaribu na nini, mchanga?" na Jumapili kwenye kwaya akahama kiti cha kando yangu, na mshauri, wakati wa vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili ni Rodah aliyetufichia bidhaa zetu zote kwake, halafu nimetia maji kimyakimya katika mikebe miwili iliyobaki, nayo inavuja chini. Nimtii mume au nisimame na jirani?

Bochaberi, Litein

Bochaberi,

"Mali ikishatumika hairudi." Upuuzi! Mkebe hauvuji ukiwa umening'inia ukutani. Unavuja ukitiwa maziwa. Mumeo anamwambia mteja kwamba kasoro ni yake kwa sababu ndiye aliyeigundua.

Ndiyo, Rodah alikosea. Mkebe huoshwa kwa maji moto na sabuni, mwambie. Lakini ile miwili yako ilifukizwa na nani? Unajua ni mibovu, na bado iko rafuni ikingoja mama mwingine. Hapo huna tofauti na Osoro, ila yeye anasema kwa sauti.

Na usinililie habari za tisini na mbili. Hiyo ni shukrani, si haki. Hata angekuwa mgeni kutoka Mulot usiyemjua, angestahili mkebe mzima.

Fanya hivi. Tia maji mbele ya Osoro, aone mwenyewe. Mpelekee Rodah mkebe usiovuja, hata ukilazimika kuununua duka jingine, umpelekee nyumbani, na umwombe msamaha juu. Kisha Osoro abebe ile mibovu yote hadi kwa mwenye duka la jumla Kericho aombe abadilishiwe. Akisomewa kibao kama chake, ataelewa.

Nanyi wenye maduka wa Litein, Sotik na Mulot: bandueni vibao hivyo leo. Mahali pavyo wekeni ndoo ya maji, mteja ajaribu mkebe kabla hajalipa.