Mamamkwe Atakuja na Sabuni ya Dukani

Mama Birago, naomba unisaidie, nimechoka mpaka kuongea kunanichosha. Mimi ni mtafiti hapa Kumasi na miaka yote hii kazi yangu ni maganda ya kakao, nimeyakausha, nimeyasaga, nimewalisha kuku hadi mume wangu Oteng akalalamika kwamba hata shuka zinanuka banda, na hatimaye kuku wakanenepa, wakubwa wangu wakafurahi, kiwanda cha chakula cha mifugo kikasema kitachukua maganda yote ya kijiji cha kina Oteng, nami nikashangilia, kumbe nimemtia mamamkwe wangu mchanga kwenye kitumbua chake. Mamamkwe huyo, Maame Nsiah, anapika sabuni nyeusi. Kule siku ya kuvunja matunda ya kakao kutoa mbegu wanawake huja kusaidia bila malipo, wakiondoka wanabeba maganda, wanayachoma, majivu yanapikwa na mafuta ya mawese, sabuni inapatikana. Sasa wenye mashamba wanayalinda maganda utadhani ni kakao yenyewe, na wanawake wamefukuzwa.

Hajanigombeza, Mama, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwezi ujao najifungua, na kwetu mamamkwe ndiye anayekuja kumwogesha mtoto kwa sabuni aliyoipika mwenyewe. Juzi akapiga simu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, usihangaike. Nitakuja na sabuni ya dukani." Nililia jikoni. Oteng anasema nisijali, uzee tu. Wiki ijayo nasimama kwenye mkutano wa wakulima kusoma ripoti yangu, inayoanza kwa kusema maganda ni takataka inayooza bure shambani, kisha wakulima wakubaliane na kiwanda. Nikisoma, sabuni ya mama imekwisha. Nisiposoma, kazi yangu yote imekwenda na maji. Nifanyeje?

Dufie, Kumasi

Dufie mwanangu, pole. Mimba, kuku na mamamkwe kwa mpigo, hata mimi ningelia. Sasa futa machozi nikuseme kidogo.

Nilipofika kwenye "takataka inayooza bure" nilikwama. Inaoza bure wapi? Si umetoka kuniambia mwenyewe inakwenda kwenye chungu cha mamamkwe wako? Uliandika hivyo kwa sababu wenzako wote huandika hivyo, kitu kikiitwa takataka mfadhili anafungua mkoba upesi. Kuku wako ni wa kweli. Hiyo sentensi ya kwanza ndiyo ya uongo, na ukiisoma, wale wanawake ndio wamefukuzwa moja kwa moja.

Ripoti utaisoma, ila hiyo sentensi ifute. Andika kwamba maganda yana wenyewe: wanaokuja kuvunja wachukue kwanza, kiwanda kichukue yanayobaki. Mwambie mkubwa wako kabla ya mkutano, usimvizie mbele za watu. Kiwanda kikinuna, kinune. Wenye mashamba wakibisha, waulize msimu ujao kakao yao wataivunja na nani.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa Maame Nsiah. Si kwa simu, na si kwa kumtuma Oteng, ambaye naye aache kumwita mama yake uzee tu. Huko kazini kwako hakukosekani gunia la maganda makavu yaliyobaki. Omba upewe, mbebeshe Oteng, mkaliweke mlangoni kwa mama, umwambie mjukuu wake anakuja na bado hana sabuni.