Rili Yenye Matundu Kumi na Mawili

Kamiide,
Mkoa wa Shiga.
9 Novemba 2021

Mpendwa mwanangu Nobuhiro,

Jambo nililolificha kwa miaka thelathini na mitatu linahusu bwawa letu la Kamiide, na ile rili ya kuvulia samaki uliyoikuta kwenye sanduku la kaka yangu, marehemu baba yako. Nitalisema humu humu, kabla sijaweka kalamu chini.

Lakini kwanza, hujambo? Magoti ya mama yako yanaivumilia baridi ya Ibaraki? Mimi siwezi kukujibu kwamba sijambo. Daktari hazungumzii tena mwaka ujao. Mistari ikipanda na kushuka, usishangae, ni mkono.

Umeniuliza kama mtu wa mshahara mdogo anaweza kupata zana za kurushia vyambo bandia vyepesi, vya gramu tatu au nne, awavue samaki aina ya besi wa Ziwa Kasumigaura. Anaweza. Usitazame jina lililoandikwa ubavuni mwa rili. Mwombe muuzaji aifungue, utoe kile kigurudumu cha ndani kinachobeba mshipi, ukipime kiganjani. Kikiwa kizito, chambo chepesi hakiwezi kukiamsha. Na kikishaamka hakitulii, mshipi unajisokota kama kiota cha ndege. Fedha yako iende hapo. Fimbo nunua ya mtumba, mradi ncha iwe laini. Mshipi uwe mwembamba, mita arobaini zinatosha, maana kila mita ni uzito.

Umeuliza pia kama uache kununua, utumie ile rili ya zamani, kwa kuwa kigurudumu chake kimetobolewa matundu kumi na mawili kukipunguza uzito. Usiifunge kwenye fimbo, mwanangu. Si mbovu, umeandika mwenyewe kwamba ina mafuta kama iliyopakwa jana. Ila haikuwa ya baba yako. Ni yangu.

Vigurudumu vyepesi wakati ule hatukuviweza kwa bei. Baba yako, fundi baiskeli, ambaye hakuvua samaki hata siku moja, alinitobolea changu kwa keekee yake. "Kikivunjika, Mwalimu, usije kunililia hapa," alinitania.

Ziwa Biwa lilikuwa mbali kwa mtu anayetoka kazini jioni. Basi majira fulani ya kuchipua nilibeba kutoka huko besi sita, samaki wanaokula wenzao, kwenye ndoo, nikawamimina bwawani. Mimi, mwalimu wa biolojia, niliyewafundisha watoto wa kijiji majina ya samaki wa bwawa lile! Mwaka uliofuata rili ilinichopoka mkononi, ikazama bwawani humo. Sikumwambia mtu.

Vuli ya mwaka wa tatu tulikausha bwawa, kama desturi ya kila miaka mitatu. Kila nyumba ilikuja na vikapu vyake kuchukua funa, wale samaki ambao mama yako na wenzake waliwasindika kwa chumvi na wali. Maji yakashuka. Funa hawakuwapo. Walikuwapo besi tu, wanene, midomo wazi. Na Mzee Nishikori, mkuu wa kijiji, akakanyaga kitu kigumu topeni.

Jioni ile ile tuliitwa ukumbini. Aliiweka rili sakafuni, katikati yetu.

"Fundi, matundu haya kayatoboa nani?"

"Mkono wangu," baba yako akajibu.

"Na samaki je, nao umewatoboa?" Bi Fusae, jirani yetu, akadakia. Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Samaki si wangu."

"Basi wa nani? Si umtaje!"

Baba yako akanitazama. Mwezi ule nilikuwa nangojea barua ya kuwa mwalimu mkuu, naye alijua. Akainamisha kichwa.

"Sina wa kumtaja."

Mzee Nishikori akasema nyumba ya mtu huyu itengwe: asipate maji ya bwawa shambani, asizikwe nasi, asisalimiwe. Mwaka mpya haukuwakuta hapa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaondoka umempakata paka, naye baba yako, kumbe, aliondoka na rili yangu.

Binti yake Mzee Nishikori ndiye mkuu sasa. Nimempelekea maelezo yangu yenye sahihi, na Jumapili atayasoma mbele ya wote, bwawa likishakaushwa. Kwa hiyo ilete mifupa ya baba yako mliyoihifadhi tangu achomwe, azikwe hapa. Kaburi la wazazi wetu lina nafasi yake, yangu msiihangaikie.

Nisalimie mama yako, Bi Sachie, kama atazipokea salamu zangu. Msalimie na mkeo Misuzu. Nyumba yenu ijaliwe afya, na mikono yako isiwahi kubeba kitu cha kuficha.

Limebaki moja. Kijiji kizima kililiona, ila wewe hukuwamo ukumbini, na naona baba yako hakukwambia. Mzee Nishikori alisema wanaokubali atengwe wainue mikono. Watu walisita, wakatazamana. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu.

Wako akupendaye, hata kama hutanijibu,
Baba yako mdogo,
Kiyotaka