Maji ya Udhu ya Dada Zuwena

Dada Zuwena,

Shikamoo. Ulizoea kuniitikia marahaba kabla sijamaliza, kama mtu mwenye haraka ya kunisamehe. Leo nakuamkia kwa karatasi, kwa sababu nilipokuja kaburini Ijumaa iliyopita nilisoma Fatiha, nikasawazisha kokoto, nikarudi nyumbani Al Hamra na jambo langu bado moyoni.

Hita ya maji imepona.

Ile uliyoiita "mgonjwa wetu", iliyotundikwa juu ya mlango wa bafu. Iliacha kupasha mwanzoni mwa baridi, upepo wa mlimani Jebel Shams ulipoanza kuteremka, na uliniambia siku ileile. Nikatazama swichi kuu, haikuwa imejizima. Nikatazama swichi ya ukutani, taa yake inawaka. Basi nikatoa hukumu kama tabibu: umeme upo, kilichokufa ni chombo chenyewe, Nasoro mwanangu akija kutoka Maskati atakitazama. Nasoro hakuja wiki ile, wala iliyofuata.

Duka la fundi umeme liko nyuma ya msikiti wetu. Nilikwambia fundi ana kazi nyingi. Haikuwa kweli, Dada. Sikwenda kwa sababu ya ulimi wangu. Nusu karne katika nchi ya babu zetu, nasoma vitabu vya historia na tafsiri kwa Kiarabu bila kamusi, na bado nikifungua kinywa dukani vijana hutazamana: huyu ni wa Zanzibar. Ofisini, enzi za kazi, nilinusurika kwa kuandika. Lakini fundi haandikiwi barua. Sikujua vile vyuma vya ndani ya hita wanaviitaje, nikaogopa kusimama mbele ya kijana nikionyesha kwa vidole kama bubu.

Wewe hukuwa na aibu hiyo. Tulipofika Ibra kutoka Zanzibar, mimi ndiye niliyejua sarufi, na wewe ndiye uliyekwenda sokoni na maneno kumi yaliyovunjika, ukarudi na kapu limejaa. "Wacheke," ulisema, "alimradi wauze."

Siku za mwanzo nilikuchemshia birika kwa udhu wa alfajiri. Siku tatu, labda nne. Kisha nikaacha kuamka. Birika lililojaa lilikuwa zito kwa mikono yako inayotetemeka, ukawa unatawadha kwa maji ya bomba. Nilikuwa nakusikia ukutani: maji yanamwagika, unanyamaza, unavuta pumzi, unaendelea.

Nimeandika kwamba niliacha kuamka. Hapana. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimejifunika blanketi hadi masikioni, nikikusikiliza.

Asubuhi kwenye chai ulinitania tu. "Suleimani, vitabu vyote hivyo, hamna hata kimoja cha kuchemsha maji?" Nami nikacheka.

Yalikwenda hivyo majuma matano. Daktari alisema ni moyo, na umri. Sisemi maji yale ndiyo yaliyokuua. Siku ikifika imefika. Nasema kwamba majuma matano ya mwisho ya umri wako yalikuwa ya baridi, na aliyekunyima joto ni mdogo wako uliyemlea.

Siku ya kukuosha, wanawake walichemsha maji uani kwa sufuria kubwa. Nilipouona ule mvuke nikatoka barabarani. Salma, binti yako, akanifuata huko akaniuliza, "Mjomba, mama alikuwa akipata maji ya moto kwa baridi hii?" Nikamjibu, "Alikuwa akipata. Hita imeharibika juzi tu." Akasema alhamdulillahi, akanibusu mkono.

Alipokwisha kurudi kwake mjini Sur nilikwenda kwa fundi. Nilijieleza kwa Kiarabu changu cha vitabuni, na yule kijana hakucheka. Aliniita ami, kama mtoto wa ndugu yangu, akachukua mkoba wake, tukaja naye. Alizima umeme, akapanda kiti, akafungua skrubu za kifuniko cha chini, akabonyeza kitufe chekundu kidogo kuliko punje ya mtama. Tik. Akanieleza kuwa maji ya hapa yana chokaa, imeganda kwenye koili ya kupashia maji. Chombo kikizidi moto, kitufe kile hujifyatua ili kukilinda. Akakwangua chokaa, akabadilisha kifaa cha kupimia joto. Hata adhana ya adhuhuri haikumkuta kazini.

Wakati anafunga mkoba akauliza, kwa ajili ya kazi yake tu, hita ilikuwa mbovu tangu lini. Nikamwambia juzi. Uwongo uleule, safari hii kwa Kiarabu safi, sikukosea hata irabu.

Tangu siku hiyo maji ni ya moto, na mimi nayafungulia kisha nayaogopa.

Salma amekuja tangu jana kupanga nguo zako. Leo asubuhi alitoka bafuni anajifuta uso kwa kanga akasema, "Maji mazuri haya, mjomba. Mama aliyafaidi." Nikainama kutafuta viatu nilivyokuwa nimevivaa.

Yuko chumbani kwako sasa. Nasikia kabati linafunguliwa na kufungwa. Huenda akakasirika, huenda asinipe mkono tena. Ni haki yake, na haki hiyo nimemzuilia tangu siku tuliyokuzika.

Buriani, Dada yangu. Mola akupe huko ulaini ambao mimi sikukupa. Nakuahidi Salma harudi Sur bila kujua. Nainuka sasa hivi, naenda kumwambia kwa Kiswahili, ambacho sina kisingizio nacho.

Mdogo wako,
Suleimani