Programu Isiyokosea

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba shemeji bado anapika chai kwa sukari ya watu wanne. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia, maana kwenye simu utanicheka kabla sijamaliza.

Unajua kazi yangu: kampuni inauza programu za kompyuta, mimi ndiye fundi anayetumwa zikigoma. Duka moja la dobi lilinunua programu ya kupokea nguo na kutoa tiketi. Mwuzaji wetu, kwa ule mdomo wake wa asali, alimwambia mwenye duka kwamba haikosei kamwe. Wiki ile ile ikachanganya wateja wawili wenye jina moja. Mume wa mmoja akafungua kifurushi cha mkewe, akakuta suruali ya kiume isiyo yake. Nusura nyumba iwake moto.

Nikatumwa. Nilimkuta mwenye duka, mwanamke wa makamo, mjane kama mimi nilivyo mgane, akikandamiza pasi kana kwamba chini yake yumo mwuzaji wetu. Alisema alinunua kompyuta ili aache kukosea, kumbe amenunua ya kumsaidia kukosea haraka. Sikumdanganya, Dada. Nilimweleza kwamba programu huandikwa na watu. Tunaziba hapa, panavuja pale. Akaniuliza, "Kwa hiyo mliniuzia nini?"

Nikamjibu, "Nguo tunayoendelea kuishona huku umeshaivaa."

Akaweka pasi kando, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Tangu hapo akawa ananiita. Mara tiketi zinatoka tupu, mara shuka zinahesabiwa kuwa mashati. Mimi natengeneza, yeye anapiga pasi, tunaongea: mumewe aliyependa kola ngumu, wifi yako na wimbo wake mmoja aliokuwa akiukosea kila asubuhi. Sikuwa nimemtaja kwa mtu tangu tumzike. Pale katikati ya mvuke, jina lake lilitoka lenyewe.

Halafu nikaifanya kazi yangu vizuri mno. Programu ikatulia, simu ikanyamaza. Bosi alinipongeza kwa kumtuliza mteja mgumu. Nikashukuru, huku moyo unaniuma kama jino bovu. Nikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya mbali, nipite ng'ambo ya barabara yake nione mvuke ulivyofunika kioo. Sikuingia. Ningeingia kusema nini?

Dada, nampenda. Kila simu ya ofisini ikilia naomba programu iwe imeharibika kwake. Hebu fikiria, fundi mwenye dua ya namna hiyo! Jana nilichoka kuomba. Nikachukua koti langu, safi kabisa, nikaingia nalo. Akaligeuza, akalinusa, akasema, "Hili halina uchafu."

Nikasema, "Najua."

Kisha akalitundika, akaniandikia tiketi kwa mkono, kompyuta hata hakuigusa. Akaniambia nilifuate Alhamisi. "Lisipokuwa tayari," akaongeza akiwa amenipa mgongo, "utarudi tena Ijumaa."

Nisalimie shemeji, na barua hii usiwaachie watoto waisome. Uniombee mvua isinyeshe kabla ya Ijumaa, maana koti lingine sina.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi